Barua ya Wazi: Wanakisomo wa Tabora Wameandikishwa. Je, Wamejua Kusoma?

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya elimu,
Waziri mwenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI),
Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Wakurugenzi na waheshimiwa madiwani wa halmashauri zote za mkoa.

YAH: TAARIFA ZA MATOKEO YA ELIMU YA WATU WAZIMA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa mkoani Tabora. Kwa miaka kadhaa nilikuwa pia mwezeshaji wa kujitolea katika kituo cha kisomo cha watu wazima, kwa hiyo rejista ya wanakisomo naijua kwa ndani. Naijua inavyojazwa watu wakiwa darasani, na naijua inavyojazwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka taarifa. Barua hii si ya kumchongea mtu. Nina swali moja tu, na sijawahi kuona likijibiwa katika taarifa yoyote ya robo mwaka: kati ya watu wazima wanaoandikishwa kila mwaka kwa fedha ya umma, ni wangapi wametoka wakijua kusoma, kuandika na kuhesabu?

Taarifa ya elimu ya watu wazima inayofika kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji huwa na sura ileile. Idadi ya vituo, idadi ya wawezeshaji, walioandikishwa, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, jumla. Changamoto: uhaba wa vitabu, ukosefu wa posho, mwamko mdogo wa jamii. Mikakati: kuendelea kuhamasisha. Mheshimiwa diwani anauliza kama kata yake imo, anaambiwa imo, kikao kinahamia kwenye matundu ya vyoo vya shule. Vyoo ni muhimu, sibishi. Lakini mtu anaweza kukaa kwenye vikao hivyo kipindi kizima cha udiwani asisikie hata mara moja kwamba kuna mwananchi aliyekuwa akiweka dole gumba na sasa anasaini.

(Na huo "mwamko mdogo wa jamii" ningeomba ufutwe kwenye fomu. Jamii iliyotembea kilomita nane kuja darasani ikakuta kituo kimefungwa haina tatizo la mwamko.)

Tuanze na mwezi Februari, maana ndio mwezi unaoumbua taarifa zetu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, ndiyo yenye wanakisomo wa kweli: masoko ya tumbaku yanaelekea ukingoni, fedha kidogo ipo nyumbani, na kazi ya vitalu bado haijawamaliza watu nguvu. Oktoba ni matuta. Mvua zikishika Novemba watu wanapandikiza. Kuanzia Januari hadi Aprili ni kupalilia, kukata maua, kuchuma majani, kuyapanga kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, na wengine hulala hukohuko bani kwa sababu moto wa kukaushia hauachwi peke yake. Hakuna mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge anayekaa kwenye dawati saa kumi jioni mwezi Februari. Labda awe mgonjwa. Hata hivyo taarifa ya robo ya tatu, ya Januari hadi Machi, niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa na idadi ileile ya robo ya kwanza. Haikupungua hata mtu mmoja. Hakufa mtu, hakuhama mtu, hakuolewa mtu. Aliyeipokea akaipiga muhuri ama hajui tumbaku inalimwaje, jambo gumu kuliamini katika mkoa huu, ama hakuisoma.

Wala sidhani chanzo ni ubaya wa watu. Idadi ikishuka, mwezeshaji anaulizwa kwa nini watu wamemkimbia. Isiposhuka, haulizwi kitu. Posho nayo, ikija, huja kwa kituo chenye watu. Ukiweka utaratibu wa namna hiyo, hata malaika atanakili rejista ya robo iliyopita.

Kwenye soko la tumbaku hatufanyi hivi. Chama cha msingi cha ushirika hakipokei marobota kwa kuyahesabu tu. Kila robota linapanda mzani, mteuzi analipangia daraja, na mkulima anaondoka na karatasi yake. Ukileta marobota hamsini ya takataka, hakuna atakayekupongeza kwa hiyo hamsini.

Na karatasi hiyo ya soko ndiyo ningependa iwe mtihani wa kisomo katika wilaya za tumbaku. Ina uzito kwa kilo. Ina daraja lililoandikwa kwa herufi na tarakimu. Ina bei, ambayo kwenye tumbaku kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola ya Marekani, ilhali mkulima alilipwa shilingi. Kisha kuna makato: mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine, ushuru, na mengineyo. Wapo wazee wetu wanaolima tumbaku tangu ujana wao ambao huipeleka karatasi hiyo kwa mtoto wa darasa la sita awasomee, na mtoto akikosea, hesabu ya msimu mzima imekosewa. Mwanakisomo akiweza kuisoma mwenyewe, akazidisha kilo kwa bei, akaona makato na kumuuliza karani yale ya mstari wa tatu ni ya nini, huyo kisomo kimemfaa. Asipoweza, hakijamfaa, hata kama rejista inasema alihudhuria kila siku.

Si kila mtu analima tumbaku, najua. Mama wa Igunga apimwe kwa leja ya kikundi chake. Wanaopeleka mizigo Nzega wapimwe kwa ujumbe wa pesa ulioingia kwenye simu: nani katuma, kiasi gani, salio limebaki ngapi. Kila mzazi apewe karatasi ya dawa ya mtoto aseme ni kijiko kingapi, mara ngapi. Mambo haya yanapimika kwa nusu saa, chini ya mwembe, bila mashine yoyote.

Wazo lenyewe ni la hapahapa kwetu. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vitabu vya kisomo chenye manufaa vikaja kuandikwa kwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, tumbaku. Mwaka 1975, mwaka uleule ambao sheria iliianzisha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Ikafuata mingine mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986. Watu walipangwa kwa hatua, kuanzia anayetambua herufi hadi anayeweza kuandika barua, kusoma gazeti na kutunza hesabu zake. Serikali ikatangaza kwamba wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 9.6 mwaka 1986.

Wapo wanaozitilia shaka tarakimu hizo, nami ni mmoja wao. Kampeni zilikuwa za kisiasa, viongozi wa vijiji walitaka kusifiwa, na wengi waliofaulu walisahau baadaye kwa kukosa cha kusoma. Lakini ninaweza kuzitilia shaka kwa sababu zipo. Kulikuwa na mtihani, matokeo yakatangazwa, mtu akapata pa kubishia. Taarifa za leo hazibishiki kwa kuwa hazidai chochote. Zinasema watu waliandikishwa, na kweli waliandikishwa.

Mtu ataniambia sensa inatosha. Sensa ya 2022 ilituhesabu Tabora watu 3,391,679, na ndani yake limo swali kama mtu anajua kusoma na kuandika na kwa lugha gani. Karani hakumpa mtu gazeti asome, aliuliza akaandika alichojibiwa. Sasa ni baba gani, mbele ya mkwe wake, atamwambia kijana mgeni mwenye kishikwambi kwamba hajui kusoma? Na hata akisema ukweli, sensa haituambii kama aliyejua alijulia shuleni utotoni au kituoni mwaka jana. Kwa anayetaka kujua kama fedha ya kisomo imezaa kitu, hilo halisaidii.

Lugha ya matokeo serikali yenyewe inaijua. Kuanzia mwaka 2014 tulikuwa na mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo katika elimu, ule wa EP4R, ambao wafadhili walitoa fedha baada ya vigezo kutimia, na madarasa yaliyojengwa kwa fedha hizo yanaonekana. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hujadiliwa kwa orodha ya marejesho: kikundi gani kimelipa, kipi kinadaiwa, kiasi gani. Kikundi kikichelewa hufuatwa hadi nyumbani kwa mwenyekiti. Kisomo peke yake ndicho hutolewa fedha pasipo mtu kufuata.

Ila hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nisingependa barua yangu itumike kuleta jambo baya zaidi. Siombi vituo vilipwe kwa idadi ya waliofaulu. Mkifanya hivyo, najua mwezeshaji atafanya nini, kwa sababu ningefanya hivyohivyo. Ataandikisha vijana waliomaliza darasa la saba wakasahau kidogo, awanoe kwa mwezi mmoja, afaulishe wote. Bibi wa miaka sitini anayeongea Kinyamwezi tupu, mwenye macho hafifu na asiyewahi kushika kalamu, ataambiwa nafasi zimejaa. Na bibi huyo ndiye kituo kilifunguliwa kwa ajili yake.

Marekani wamekwenda mbali katika njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 2014 ya mafunzo ya nguvukazi, ambayo ndani yake imo elimu ya watu wazima, inataka kila jimbo litoe taarifa kama mtu ana ajira katika robo ya pili na ya nne baada ya kutoka kwenye mafunzo, na anapata kipato gani. Huko nako walimu wamelalamika kwamba kipimo hicho kinawasukuma kuwachagua walio karibu na ajira na kuwaacha walio mbali. Kwetu kigezo cha ajira kingekuwa kichekesho tu, mkulima wa Kaliua hana hati ya mshahara. Lakini sheria hiyohiyo ina kipimo kingine kinachofaa kuazimwa: mtu anapimwa anapoingia, kisha anapimwa tena, na kinachohesabiwa ni hatua aliyosogea. Kwa kipimo hicho bibi wa Kinyamwezi akitoka kwenye kutojua kushika kalamu hadi kuandika jina lake na kusoma namba za simu, kituo kimefanya kazi kubwa kuliko cha yule kijana wa darasa la saba. Hiyo ndiyo haki.

Juu ya vyuo vya maendeleo ya wananchi na madarasa ya sekondari kwa njia mbadala sitasema mengi. Kule angalau kuna mitihani ya taifa au vyeti vya fani, na mwenye bidii akitafuta matokeo huyapata. Tatizo la kule ni wale wanaoachia njiani, hasa mabinti waliorudi shule baada ya kujifungua. Akiacha kabla ya mtihani, hayumo kwenye waliofaulu wala waliofeli, amepotea kwenye hesabu. Aandikwe, na sababu iandikwe: mtoto aliugua, nauli iliisha, mume alikataa. Kwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, hali si mbaya sana, kwa kuwa watoto wale huonekana wanapohamia mfumo rasmi.

Narudi kwa mwezeshaji, maana najua mzigo wowote mpya utamwangukia yeye. Huyu ni mtu anayefundisha baada ya kutoka shambani, mara nyingi kwa chaki aliyoiomba shule ya msingi iliyo jirani. Posho yake ni ya kusubiri. Mkimletea fomu ya kurasa kumi na mbili atajaza zote, na zote zitakuwa uongo. Ukurasa mmoja unatosha: jina, alianzia wapi, amefika wapi, kama ameacha kwa nini. Na anayepima asiwe ndiye aliyefundisha. Kata zibadilishane, walimu wa kata hii wakapime kata ile, Afisa Elimu Kata asimamie. Mtu hajipimii tumbaku yake mwenyewe.

Halafu kuna fedha. Niliwahi kuomba kwa maandishi, katika ofisi moja ya umma mkoani humu, nielezwe ni kiasi gani kilipokelewa kwa ajili ya kisomo katika mwaka mmoja na kilitumikaje. Nikajibiwa kwa mdomo nipite wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu, na sikutaka kwenda mbali zaidi kwa sababu mtumishi yule sidhani kama alificha kitu. Nadhani hakuwa nacho. Fedha ya kisomo mara nyingi hukaa ndani ya vifungu vya elimu vyenye majina mapana, na ikihamishwa katikati ya mwaka kununua mafuta ya gari la ukaguzi hakuna anayeiulizia, kwa kuwa hakuna aliyejua ilikuwepo. Mkaguzi wa hesabu naye atathibitisha kwamba stakabadhi za mafuta zipo. Zipo kweli.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, na nakiomba kwa heshima zote. Katika kila taarifa ya robo mwaka, pembeni ya safu ya walioandikishwa, ziongezwe safu tatu: waliobaki hadi mwisho, waliopanda hatua na kutoka ipi kwenda ipi, na walioacha pamoja na sababu. Chini yake iandikwe fedha iliyopangwa, iliyopokelewa na iliyotumika, posho ya mwezeshaji ikiwa mstari wake peke yake. Baada ya mwaka mmoja, wachache kati ya waliohitimu watembelewe na kupewa karatasi ileile wasome tena, ili tujue kama kisomo kimekaa au kimetoka na mvua. Kituo kitakachoonekana dhaifu kisinyimwe fedha kabla mtu hajaenda kukaa pale siku mbili akaona kuna nini. Huenda hakuna taa, au mwezeshaji amekufa moyo. Au darasa limepangwa siku ya gulio.

Kalenda nayo iachiwe wilaya. Wilaya za tumbaku zifundishe kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, na robo ya tatu waandike sifuri bila woga. Sifuri ya Februari ndiyo itakayonifanya niamini tarakimu za Agosti.

Waheshimiwa madiwani, hili lenu ni jepesi kuliko la mawaziri. Hamhitaji waraka kutoka Dodoma kuuliza swali kwenye kikao. Mwambieni afisa elimu ya watu wazima awaletee watu watatu kutoka kata yoyote mtakayoitaja ninyi, si yeye, na muwape karatasi ya soko wasome. Wakisoma, wapongezeni kwa sauti kubwa. Wasiposoma, msimfokee mtu. Ulizeni kituo kile kilipokea nini mwaka uliopita.

Na taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na mapato na matumizi. Wanakijiji wanajua nani anahudhuria na nani jina lake linahudhuria peke yake. Ukaguzi wa bei nafuu kuliko huo sijauona.

Kila Septemba tunaadhimisha Juma la Elimu ya Watu Wazima. Fulana zinachapishwa, maandamano yanapita, mgeni rasmi anasoma hotuba. Mwaka huu naomba kila halmashauri ya mkoa wa Tabora ije na ukurasa wake mmoja wa matokeo, tarakimu zikiwa ndogo au kubwa, na mgeni rasmi ausome wote kabla ya hotuba yake. Jibu la barua hii msinitumie mimi. Litumeni kwa watendaji wa vijiji, walisome kwenye mkutano utakaofuata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mwezeshaji wa zamani wa kisomo,
Tabora.

Nakala: Maafisa Elimu Kata wote, Mkoa wa Tabora.